Kito wa Mama Pimbi na Shule ya Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Aliyejibu kivivu arudie, hata kama ana digrii. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, juu ya majabali, aliishi Mama Pimbi na mwanawe Kito. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, mkia hana, na asubuhi mwili wake haupati moto wenyewe. Kwa hiyo wana desturi. Jua likichomoza, ukoo mzima unapanda jiwe, unabanana, unaota jua. Kabla ya hapo hakuna salamu, hakuna stori, hakuna akili.

Lakini Kito akishapata moto, weee. Kivuli cha tai kikipita, fyuu, yeye anapiga hesabu papo hapo. "Yuko juu, urefu wa miti mitatu. Upepo uko nyuma yake. Ingieni sasa." Wanaingia. Tai anapita, kucha tupu.

Sasa, bondeni palikuwa na shule teule ya sayansi na hesabu. Shule ya mchwa. Iko ndani ya kichuguu, giza totoro, mwali wa jua haujawahi kuingia. Inachukua vichwa tu. Intavyuu ilifanyiwa nje getini, mchana, jua la utosi. Kito akaongoza. Mwana wa Mhanga, yule mnyama mwenye pua ndefu kama bomba, akawekwa akiba.

Jirani yao Mama Kanga akaja mbio, ka-ka-ka-ka.

"Kongole, mwenzangu. Anaanza lini?"

"Bado nawaza."

"Unawaza nini, na watu wanalia? Wangu mimi wamemrudisha getini. Eti ana kelele."

"Kelele kazitoa wapi, shoga?"

Mama Kanga akajikuna shingo.

Maneno yale yakamwingia Mama Pimbi. Kesho yake, alfajiri, hata jua hawajaota, akamshika Kito mkono, hao, kichuguuni. Mwalimu Mkuu, mchwa mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili, akawapokea.

"Hapa tunatoa wahandisi, mama."

"Wakihitimu wanafanya nini?"

"Wanasubiri kuitwa."

"Na nani?"

"Hilo haliko kwenye silabasi."

Kito akaingizwa kwenye foleni, gizani. Meno ka-ka-ka. Akaulizwa mbili na mbili. Akajikunyata.

"Mwanangu, mbona hujibu?"

"Jibu ninalo, mama. Bado halijapata moto."

Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa, akachoka, maana ni kizito. "Atazoea. Ukimtoa, nafasi ni ya mwana wa Mhanga."

Mama Pimbi akatoka na mwanawe nje apate kuwaza, jua ndiyo kwanza linachomoza. Akawaza majirani. Akawaza sare. Kivuli kikapita, fyuu. Akamtazama Kito amwambie miti mingapi. Kito akakodoa macho tu, hana hesabu, hana sauti. Mama akamrukia, akamlalia. Tai akaondoka na manyoya ya mgongo wa mama.

Mama Pimbi akajipangusa. "Twende nyumbani, baba. Twende juani."

"Umemuua mtoto, kumtoa shule vile," Mama Kanga akamwambia walipofika.

"Nilikaribia, shoga. Tazama mgongo wangu."

Kule kichuguuni, nafasi ikaenda kwa mwana wa Mhanga. Shule yenyewe aliipenda mno, halali akiiwaza. Alama zake zilikaguliwa, zikakaguliwa tena. Siku ya kwanza ndipo Mwalimu Mkuu akakumbuka kumuuliza, "Kijana, kitu gani hasa unakipenda hapa?"

"Walimu," akasema, akatoa ulimi.

Fyonz.

Shule ikafungwa kwa upungufu wa walimu.

Funzo ni hili. Mzazi, kabla hujauliza kama shule inamtaka mwanao, jua kwanza mwanao anapata moto wapi. Na nyie wenye shule, mkimaliza kuhesabu alama za mtoto, muulizeni na anakula nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, kaoteni nayo jua. Ikiwa chungu, mpelekeeni Mhanga, yeye hachagui.