Kipimo cha Saa Saba Mchana

Wahenga hawakuona haya waliposema kwamba mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiificha, hata aliye tayari kumsaidia hatajua aanzie wapi. Bwana Safi aliisikia methali hii tangu utotoni, akaicheka, kisha akaisahau.

Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu, "Safi!" Paa likivuja, safi. Jino likimuuma mpaka shavu likavimba, safi. Yeye na mkewe walikuwa na mabwawa mawili ya kufugia kamba, pamoja na kibanda cha kuwamenyea chenye meza za bati zilizosuguliwa zikang'aa. Mke ndiye aliyekuwa fundi wa kumenya, na mume ndiye mlinzi wa maji. Walipendana kwa mtindo wao, utani mwingi na chai ya moto.

Chama cha wafugaji kilikuwa kimeanza kufuatilia maendeleo ya kila bwawa: chakula kilichotumika, maji yaliyobadilishwa, taka za kibandani na hewa iliyomo majini. Hewa ilipaswa kupimwa alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana ndipo inapopungua kabisa. Bwana Safi aliipima saa saba mchana, jua la utosi, namba zikiwa zimenona. Kadi aliyoziandika namba hizo ilitundikwa ukutani kibandani, naye aliipangusa vumbi kila siku kama picha ya harusi.

Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya mavuno, mkewe alimvuta mkono hadi kwenye bwawa moja. Kamba walikuwa wamejazana juu ya maji wakihangaikia hewa. Wengine walikuwa wameshakufa ukingoni.

"Mume wangu, hii nayo ni safi?"

"Watatulia tu, mama watoto. Jua likipanda watashuka chini."

"Na kesho je? Hawa wote wakifa, kibanda tunakifunga. Mimi nitamenya nini, vidole vyangu?"

Bwana Safi alimpenda mkewe kuliko alivyoipenda ile kadi, na moyo ulimuuma kumwona akiokota kamba waliokufa mmoja mmoja.

Kabla ya saa sita akafika mkaguzi wa chama, binti mcheshi aliyevaa viatu vya mpira.

"Shikamoo, baba. Habari za bwawa?"

"Marahaba, mwanangu." Neno lake la siku zote lilimfika ulimini, akalimeza. Akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni. "Habari mbaya. Namba zote hizo ni za mchana. Alfajiri sijapima hata siku moja. Niliona aibu bwawa langu kushika mkia."

Binti hakukasirika. Alishusha pumzi, akakaa juu ya ndoo. "Ah, baba! Chama kina mashine tatu za kuchapa maji ili hewa iingie. Tunaanza kumpa mwenye namba mbaya kuliko wote. Miezi sita sasa nakuruka kwa sababu wewe ndiye unayeongoza!"

Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yakamtoka. Mengine hayakuwa ya kicheko.

Alfajiri iliyofuata walipima wote watatu. Namba ilikuwa mbaya, na Bwana Safi akaiandika kwa mkono wake. Walipunguza chakula, kwani makombo yaliyooza chini ndiyo yaliyokuwa yakila hewa. Kabla ya jioni mashine moja ikafungwa kwenye bwawa hilo, ikayachapa maji usiku kucha. Kamba wakatulia.

Siku ya mavuno meza za bati zilijaa hadi pembeni. Jirani akapita, akauliza kwa mazoea, "Bwana Safi, hali?"

"Bwawa hili zuri. Lile la pili bado linanitia wasiwasi, njoo unishauri." Kisha akamgeukia mkewe, akajishika shavu. "Na hili jino, mama watoto, linaniuma mwaka wa pili."

Mkewe aliacha kumenya, akanawa mikono, akajitanda mtandio na kumshika mkono kama mtoto hadi kwa daktari. Jino liling'olewa siku hiyo hiyo. Hakika, mficha uchi hazai.