Kufuli Jekundu la Kanisius

Hapo zamani, na msinifikirie zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzi juzi, nguzo za umeme zilipokwisha kufika bonde la Lihangwe, palikuwa na mwanamke aitwaye Gaudensia, na shingoni mwake palining'inia ufunguo. Ufunguo mdogo tu, wa kufuli. Lakini bonde zima lilikuwa gizani kwa ajili ya ufunguo huo, na watu walisimama wakimtazama yeye.

Ulikuwa wa mumewe, Kanisius Haule, fundi wa laini. Mafundi wa laini wana desturi yao. Kabla ya kupanda nguzo wanazima umeme kwenye swichi kubwa, na kila anayepanda anaifunga swichi ile kwa kufuli lake mwenyewe. La Kanisius lilikuwa jekundu. Ufunguo unapanda naye na kushuka naye. Kufuli la mtu halifunguliwi na mwingine, hata awe bosi. Mwenyewe akifa, ufunguo ni wa watu wake, nao humpa wamtakaye. Na anayefungua kufuli la mwisho husema mbele ya wote: "Laini ni salama, nimehakikisha mimi. Ikimdhuru mtu, niulizwe mimi."

Siku ya mkasa, Kanisius alipanda kufunga redio. Masika yaliyopita waya ulianguka shambani ukamuua mama mmoja aliyekuwa akipalilia, na ofisini hawakujua hadi jioni. Redio ile ya juu ya nguzo ingewapa taarifa papo hapo waya ukikatika. Basi swichi ikazimwa, makufuli mawili yakafungwa, la Kanisius na la msimamizi wake, Xaveri Ngonyani. Laini ikapimwa, haina kitu. Kanisius akapanda. Umeme ukaja kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia, ukamkuta ameshika waya. Alifia kwenye mkanda wake, juu kule, na kumshusha kulichukua saa nzima.

Redio ilimaliziwa na kikosi kingine. Kanisius alizikwa. Siku ya pili baada ya maziko watu wakakusanyika kwenye swichi, maana jenereta ya zahanati ilikuwa imeungua, na barafu iliyoletwa kwa pikipiki kutunza chanjo za watoto ilikuwa inayeyuka. Xaveri alikuwa ameshalifungua lake; kufuli jekundu lilikuwa bado mahali pake.

Xaveri akatangulia, kofia mkononi.

"Nipe ufunguo, shemeji. Kosa ni langu. Tukishapima, tunatakiwa kufunga nyaya za shaba zinazoushusha umeme ardhini, ili hata ukija kwa njia ya wizi uishie kwenye udongo. Nyaya zilikuwa kwenye gari, ng'ambo ya mto, na mlima ule unaujua. Nikasema tumeshapima, ni kazi ya dakika kumi. Ningetuma mtu kuzifuata, mumeo angekuwa hai. Kufuli hili naweza kulikata kwa mkasi wa chuma. Sitalikata. Nipe wewe, niulizwe mimi."

Gaudensia aliitazama kofia ile. Mtu huyu alikuwa amekula ugali nyumbani kwake mara ngapi!

Akaja Leokadia, nesi wa zahanati.

"Nipe mimi, dada. Kosa ni langu. Umeme ulipokatika nilikuwa na mzazi kitandani, damu inamtoka, na chumba kile hakina dirisha la maana. Nilidhani umekatika kama unavyokatikaga. Nikawasha jenereta. Kuna swichi unayotakiwa kuishusha kwanza, usipoishusha umeme wa jenereta unatoka nje unaingia kwenye laini. Naijua, nilifundishwa. Sikuishusha. Yule mama yu hai na mtoto yu hai. Mikono iliyowaokoa ndiyo hii iliyomuua mumeo. Nitaishije nayo, kama hata ufunguo huwezi kunikabidhi?"

Mmoja akanong'ona nyuma, "Huyu angalau aliokoa wawili." Gaudensia alimsikia, akaufumbata ufunguo.

Akaja Batromeo Komba, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye mvi.

"Nipe mimi, mwanangu. Kosa ni langu. Xaveri alinituma nipite kila penye jenereta niseme leo kuna kazi kwenye laini, wasiwashe. Nilipita mashineni, nikapita dukani, nikapita hadi kanisani. Zahanati sikupita. Mimi na nesi tulikuwa hatusemezani tangu Krismasi, aliponiambia mbele ya watu nipange foleni kama wengine. Nikasema, shauri yake."

Watu waliguna. Leokadia akamgeukia, mara ya kwanza tangu Krismasi. "Ulininunia mimi, akafa Kanisius."

"Ndivyo," akajibu mzee, macho chini.

Zogo likaanza. Huyu anasema msimamizi, yule anasema nesi, wengine wanataka mwenyekiti avuliwe cheo palepale. Gaudensia hakuwasikia vizuri. Yeye alikuwa na lake, ambalo hakuna aliyelijua.

Sheria ya kazi ile humpa anayepanda haki ya kukataa. Pasipo nyaya za shaba, fundi hukaa chini ya nguzo, na hakuna wa kumlazimisha. Kanisius alikuwa hodari wa kukataa. Safari moja alikaa saa tatu akisubiri nyaya, wenzake wakamwita bibi harusi, naye akacheka. Siku ile hakusubiri. Siku ile binti yao Salesia alikuwa anapata kipaimara kanisani saa tisa alasiri, na saa tano asubuhi Gaudensia alimpigia simu mumewe.

"Na leo ukichelewa, Kanisius, usinisemeshe tena."

"Dakika kumi tu, Mama Salesia," akamjibu. Na kweli hakumsemesha tena.

Sasa Gaudensia ameuvua ufunguo shingoni. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na wa nne, wake mwenyewe, ndio umeushika. Barafu inayeyuka. Kufuli lazima lifunguliwe, na lazima mmoja aseme maneno yale, akiyamaanisha, mbele ya watu watakaoishi chini ya nyaya zile.

Msiniangalie mimi. Mimi nimewasimulia tu, na usingizi sijapata tangu niliposimuliwa. Semeni ninyi: kati ya hao wanne, nani alistahili kulifungua kufuli la Kanisius?