Jina la Mtoto wa Sekela

Sogeeni karibu, kisha mniamulie. Katika hospitali moja ya milimani walikuwapo wanawake watatu. Tumwitike, mfagiaji, alikuwa na ulimi wa kumlainisha hata aliyenuna. Muuguzi Edina alikuwa na masikio yasiyozoea kelele. Bibi Nsajigwa, mgonjwa aliyevunjika nyonga, alikuwa na meno kamili, na hasira ya kuyatumia.

Chumba kimoja na bibi huyo alilazwa Sekela, mjane mwenye mimba ya miezi minane. Shemeji yake, Ambakisye, alimkata kwa panga akilitaka shamba la chai la marehemu. Bega likapasuka, vidole viwili vikaenda. Sekela alipozinduka, alikuta kidude kimebandikwa kifuani, kikituma mapigo na pumzi zake hadi kwenye skrini ya wauguzi. Alikichukia. Kilimwasha, na akijigeuza tu skrini inapiga kelele, wauguzi wanakuja mbio, naye anadhani Ambakisye amerudi. Siku ya tatu asubuhi alikibandua akakitupa.

Tumwitike akakiokota. "Mwanangu, kimekukosea nini?"

"Kinanichungulia, mama. Hata nikilia kinajua."

"Kiache kijue. Siku ukishindwa kusema, kitakusemea."

Aliketi naye, akambembeleza hadi Sekela akakubali kibandikwe tena.

Saa ya kuona wagonjwa, Ambakisye, ambaye polisi walikuwa bado wanamtafuta, aliingia na chupa ya uji kama mgeni yeyote. Akakomea mlango. Akampanda Sekela, goti juu ya kidonda, akamgandamiza mto usoni. Sekela alisikia nyuzi zilizoshona bega zikikatika mmoja mmoja. Mtoto tumboni alipiga teke, kisha akatulia.

Bibi Nsajigwa, asiyeweza hata kukaa, alijitupa kutoka kitandani. Nyonga ikavunjika upya. Akajiburura, akaung'ata mguu wa Ambakisye hadi meno yakagota mfupa. Alipigwa mateke ya uso, damu ikamjaa kinywani, hakuachia. Ambakisye akageuka kumpiga, mto ukalegea, Sekela akapata nusu pumzi.

Kwa wauguzi, skrini ilikuwa ikilia. Siku hiyo ilikuwa imelia bure mara kumi na moja.

"Kunywa chai yako," mwenzake alimwambia Edina. "Amejigeuza tu."

"Wa kujigeuza pumzi zake hazishuki hivi!"

Alikimbia. Alipokuta mlango umekomewa, alivunja kioo kwa ngumi, akapenyeza mkono kwenye vigae, akafungua huku kano zikikatika. Akanyakua mtungi wa kuzimia moto, akamshushia Ambakisye kichwani, mara mbili. Mwanamume huyo alikuja kuzinduka akiwa na pingu.

Jioni hiyohiyo Sekela alijifungua mtoto wa kike, mzima. Bibi Nsajigwa hatatembea tena. Mkono wa Edina haukunji tena ngumi. Na katika ukoo wa Sekela, aliyemwokoa mama ndiye humpa mtoto jina, na jina ni moja tu.

"Nisingemzuia, Edina angekuta maiti," alisema bibi.

"Nisingefika, angewaua nyote wawili," alisema Edina.

Tumwitike aliegemea ufagio wake. "Na kidude kingekuwa jalalani, nani angekuja?"

Sekela aliwatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani.

Haya, mmewasikia wote watatu. Mtoto anasubiri kuitwa. Je, ungekuwa wewe Sekela, ungemkabidhi nani haki ya kumpa jina?