Nyati Alivyotaka Kishimo cha Kwanza

Hapo kale mno, wanyama walipokuwa wakipika na kufua kama mimi na nyinyi, palikuwa na kisima kimoja tu. Kando yake kulikuwa na mstari wa vishimo, kila kishimo chungu kimoja, kisije kikabingirika. Mchotaji alikuwa Kobe. Akishajaza chungu cha mwisho, anafunga kisima mpaka kesho. Asiye na kishimo, basi tena!

Asubuhi hiyo vishimo vyote vilijaa. Chungu cha mwisho kilikuwa cha Mama Digidigi. Mwanawe alikuwa nyumbani na homa, midomo imemkauka, na jana walikosa hata tone. Moyo wa mama ulikuwa juu juu.

"Kobe baba, fanya upesi," akawa ananong'ona.

Mara, puu! Puu! Puu! Nyati huyo, na chungu kikubwa kichwani.

"Mimi naanza!" akanguruma. "Kila chungu kisogee nyuma kishimo kimoja! Nasogeza mwenyewe!"

"Na cha mwisho kiende wapi?" Kobe akauliza.

"Kitajijua!"

Mama Digidigi akakitazama chungu chake. Alijua kazi ile huanzia mkiani: cha mwisho kinatolewa, kishimo kinabaki wazi, cha mbele yake kinaingia, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Yaani chake ndicho kitakachotupwa nje. Na Nyati huyo anakuja!

"Shikamoo, Bwana Nyati!" akasema. "Na nguvu zako zote hizo, kweli utembee mpaka huku kwetu mkiani? Si uanzie kule mbele tu?"

"Ehe! Hata wewe umeliona hilo!" Nyati akavimba kichwa. Akatua chungu chake, akageuka, akanyanyua chungu cha kwanza, akakishindilia kwenye kishimo cha pili. Loo! Humo mlikuwa na chungu cha Tembo!

Pwaaa! Vigae chini.

Tembo akainuka taratibu. "Nyati, umevunja changu. Chako nakichukua."

"Lakini Digidigi kaniambia..."

"Kwani wewe huna macho?"

Nyati akarudi kwao mikono mitupu. Kobe akakirudisha cha kwanza mahali pake, Tembo akaweka chungu chake kipya, uchotaji ukaendelea.

Mama Digidigi hakucheka. Aliitazama kata ya Kobe mpaka maji yakaingia chunguni mwake, chururu! Akakitwaa mbio mbio, na mtoto akanywa.

Basi wanangu, anayetaka kukaa mbele ya wote, na atazame kwanza nyuma kama pana nafasi.