Mtungi wa Nyuma ya Mlango

Mtungi usiotoka jasho haupozi maji. Ndivyo mama mmoja mtu mzima alivyomwambia mwalimu aliyefiwa na mkewe, akiwa amemshika bega pale makaburini, na wanafunzi waliosimama karibu waliyasikia maneno wasiyaelewe. Wawili kati yao waliporudi nyumbani walimkuta bibi yao uani akipeta mchele, wakamuuliza maneno yale yalitoka wapi na mtungi uliingiaje kwenye msiba. Bibi hakuweka ungo chini. Aliwaambia wakae, maana jambo lenyewe si refu, ila halifai kusikilizwa kwa kusimama.

Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Kyela, aliishi fundi mwashi jina lake Lugano. Mkewe aliitwa Tupokigwe, lakini watu walilikata jina lake wakamwita Tupo. Nyumbani mwao alikaa pia mama yake Lugano, mjane aliyeitwa Subilaga. Huyu alizaliwa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, watu ambao binti zao hukua na udongo mkononi, na mpaka uzee wake alikuwa bado anafinyanga vyungu na mitungi ya kuuza gulioni. Lugano na Tupo hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na miaka sita ya ndoa.

Tupo hakuwa mtu wa bondeni. Kwao ni juu milimani, kwenye ukungu na migomba, ambako maji ya kijito yanauma meno hata saa sita mchana. Alipoolewa, kitu cha kwanza kilichomshinda ni joto. Kitu cha kwanza kilichomfariji ni mtungi mkubwa wa mama mkwe wake, uliokaa nyuma ya mlango wa sebuleni. Maji yake yalikuwa baridi siku zote. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alidhani ni kwa sababu ya kivuli, basi.

Lugano alikuwa fundi hodari wa sakafu. Alisakafia nyumba za watu kijiji kizima, na yeye mwenyewe akaendelea kulala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo mtupu, kama ilivyo kwa mafundi wengi. Mwaka ule kakao ilipouzika vizuri alinunua mifuko ya saruji, akasakafia nyumba yake. Alianzia chumbani akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na alipomaliza pembe ya mwisho, ya nyuma ya mlango wa sebuleni, alichoka hata kusimama kukamshinda. Akaegemea sakafu mbichi ili ainuke, kiganja chake kikazama kidogo. Tupo aliyekuwa nje akitazama alicheka, akamwambia apafute. Lugano akasema apaache, fundi naye ana haki ya kutia sahihi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa tisa Lugano alishikwa na homa. Siku ya nne alifariki.

Kabla ya kwenda, alimwambia mkewe jambo moja tu, kwamba amwangalie mama. Tupo aliyachukua maneno hayo kama mtu anavyochukua mzigo asioruhusiwa kuutua. Siku ya mazishi Subilaga alilia mpaka akabebwa, na Tupo ndiye aliyembeba. Aliwaza kwamba akianza kulia na yeye, yule mzee atashikwa na nani? Akajikaza. Akapika, akafua, akapokea wageni, akawasindikiza. Jicho lake lilikuwa kavu siku ile, na kesho yake, na wiki zilizofuata.

Watu wana macho. Walianza kusema. Wengine walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri. Wengine wakasema kwamba aliyempenda mumewe hawezi kukaa hivyo. Aliyesema zaidi alikuwa wifi yake, Sekela, dada yake Lugano, aliyeolewa kijiji cha pili. Sekela hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulitafuta mahali pa kwenda.

Usiku Tupo hakulala vizuri. Chakula kikawa hakimpiti. Mchana alifanya kazi kupita kiasi, na kazi yake kubwa ikawa sakafu. Aliifagia, akaipiga deki, akaipangusa tena kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo alipoona jambo lililomtisha. Mtungi wa nyuma ya mlango ulikuwa na unyevu nje siku zote, na chini yake palifanya duara la maji. Duara lile lilikuwa limeanza kuwa jeusi kwa ukungu, na kila wiki lilisogea. Lilikuwa linaelekea kwenye alama ya kiganja.

Tupo alipangusa asubuhi, akapangusa jioni. Maji yakarudi. Mwisho akapata wazo. Ndani kulikuwa na kopo la rangi ya mafuta ya buluu, iliyobaki Lugano alipopaka milango. Akaumwaga mtungi, akauanika juani siku mbili hadi ukakauka kabisa, kisha akaupaka rangi nje kote mpaka kitako, mara mbili. Rangi ilipokauka akaurudisha mahali pake, akaujaza. Kesho yake alipopitisha kiganja chini yake, sakafu ilikuwa kavu. Tangu mumewe afe, hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuvuta pumzi ndefu.

Subilaga aliona. Mfinyanzi asingekosa kuona. Alisimama mbele ya mtungi ule wa buluu kwa muda, akagusa, akarudi kwenye udongo wake. Maji yalipoanza kuwa ya uvuguvugu aliyanywa hivyo hivyo. Alijua kuna kitu nyuma ya rangi ile, na alikuwa anangoja kiseme chenyewe.

Hakupewa nafasi ya kungoja sana. Mwezi wa kumi na moja, joto la bondeni likiwa halina huruma, Sekela alikuja kumsalimu mama yake. Alifika ametembea kwa miguu, akachota maji, akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini. Kisha akautazama mtungi. Aliuliza ni nani aliyeupaka rangi. Tupo akajibu ni yeye. Sekela akauliza kwa nini, na Tupo akainama kuokota kikombe. Hakutaka kukitaja kiganja, kwa sababu alijua maneno hayo yakitoka hayatatoka peke yake.

Basi Sekela akayasema yote aliyokuwa nayo. Alisema mtungi ule kaka yake alinywea tangu ujana, na leo umepakwa rangi kama kabati. Alisema mtu anayefuta vitu vya marehemu mapema hivi ana safari yake kichwani. Na kwa kuwa hakuna mtoto wa kumfunga pale, kwa nini asirudi kwao milimani akamwacha mama wa watu aomboleze kwa amani? Tupo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia chumbani, akaanza kukunja khanga zake.

Subilaga alimfuata hadi mlangoni. Hakumzuia. Alimwomba tu asiondoke kabla ya kesho, kwa sababu kuna kazi anataka wafanye pamoja. Akamwambia Sekela naye alale pale.

Asubuhi Subilaga alitoa mtungi mpya, wa ukubwa uleule, wa udongo wa shimo lilelile, uliokwisha kuoshwa. Akauweka nyuma ya mlango kando ya ule wa buluu, akamwomba Tupo aende kisimani aijaze yote miwili. Tupo akajaza. Wakakaa. Jua likapanda, bati likaanza kulia kwa joto. Saa saba mchana Subilaga aliwaita wote wawili. Alimchotea Tupo kutoka mtungi wa buluu, Tupo akanywa. Yalikuwa kama maji ya kuogea. Kisha akamchotea kutoka ule mpya. Tupo alinywa, akasimama na kikombe mkononi. Ilikuwa kama amepelekwa kwenye kijito cha kwao.

"Ni maji ya kisima kimoja," Subilaga alisema. "Umeyachota wewe mwenyewe, saa ileile, na kivuli ni kimoja. Kimeyatofautisha nini?"

"Sijui, mama."

"Weka mkono hapa."

Tupo akaweka mkono kwenye ubavu wa mtungi mpya, ukalowa. "Unavuja," alisema.

"Hauvuji. Unatoka jasho. Udongo ukichomwa hauzibi wote, unabaki na vitundu ambavyo jicho halioni. Maji yanapita humo kidogo kidogo mpaka nje, na hewa inayachukua. Yanapokwenda, yanakwenda na joto, ndiyo maana yanayobaki ndani yanapoa. Huu wa kwako hautapoteza hata tone moja, mwanangu. Lakini na joto lote limebaki humo humo."

Tupo alitazama mitungi ile miwili. Akaona sasa namna alivyoonekana machoni pa watu, mtu aliyeharibu kitu cha watu bila sababu. Akaona kwamba asiposema leo, hatasema tena. Akapiga magoti, akausogeza mtungi wa buluu pembeni kwa mikono miwili.

"Ni kwa ajili ya hiki," alisema.

Sekela aliinama. Kwenye saruji palikuwa na kiganja cha mtu, vidole vitano vimetanuka, na kidole gumba kimepinda kidogo. Alikijua kidole gumba kile. Alikuwepo utotoni siku kilipovunjika.

"Maji yalikuwa yanakikaribia," Tupo alisema. "Nilipangusa, yakarudi. Niliogopa yatamla. Sina picha yake nzuri, mama. Sina mtoto wake. Nina hiki."

Subilaga aliketi sakafuni, akaweka mkono wake juu ya alama ile. Kisha akamgeukia Tupo.

"Alipomaliza sakafu hii, ni nani aliyetumwa kisimani?"

Tupo akakumbuka. Ni yeye. Siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, Lugano alimtuma maji ya kuimwagilia sakafu, naye akanung'unika kwamba saruji ya watu inaachwa ikauke, hii ya kwake mbona inanyweshwa kama mche. Na Lugano akacheka, akamwambia jambo ambalo hakulitilia maanani.

"Alisema saruji haikomazwi na jua," Tupo alisema polepole. "Alisema inashika kwa kunywa maji. Ikikosa maji mapema ndipo inapopasuka."

"Basi maji hayatamfuta," Subilaga alisema. "Ule weusi ni ukungu tu, unasuguliwa kwa majivu. Umekaa miezi miwili ukimlinda na kitu kilichomtia nguvu. Na mimi umenilinda hivyo hivyo. Nakuona. Najua aliniacha mikononi mwako. Lakini hulali, huli, na moyo wako unachemka ndani. Mtungi usiotoka jasho haupozi maji, mwanangu."

Tupo alifungua mdomo ajibu. Kilichokuja ni kilio. Alilia huku amejikunja sakafuni, akiliita jina la mumewe, na Subilaga akamshika kichwa akakiweka mapajani pake. Yule mzee hakuanguka, kama Tupo alivyoogopa siku zote. Alikuwa imara kuliko ukuta. Sekela alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake, mwisho naye akaketi, akamshika Tupo mguu, akasema, "Wifi, nisamehe." Wakakaa hivyo mpaka jua lilipogeuka upande wa pili wa nyumba.

Usiku ule Tupo alilala mpaka jogoo akawika, na asubuhi alikula ugali wote aliowekewa.

Khanga zilirudi kabatini. Mtungi wa buluu haukutupwa. Subilaga alisema chombo kisichopitisha unyevu kina kazi yake, akautia mbegu ya mpunga, na mbegu ile ikatoka njema msimu uliofuata. Mtungi mpya ukakaa nyuma ya mlango, chini yake wakaweka kigae cha kukinga maji. Baba yake Tupo alipokuja kutoka milimani kumchukua, Tupo alimpa maji baridi, akamwomba amwache abaki. Akajifunza ufinyanzi kwa mama mkwe wake. Watu walipolalamika gulioni kwamba mtungi waliouziwa unavuja, yeye ndiye aliyewaeleza.

Miaka ikapita. Subilaga akazeeka sana, akafariki usingizini. Siku ya mazishi yake Tupo alilia mbele ya watu wote bila kuficha uso. Aliyesimama mkavu safari hii alikuwa Sekela. Alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo sasa, wageni wote wanamtazama yeye, na alisema hana wakati wa machozi. Tupo akamwendea, akamshika mkono, akayarudia maneno ya marehemu. Sekela akaanguka begani mwake. Waliokuwa karibu waliuliza maana, wakaelezwa habari ya mitungi miwili, na kila mmoja akaondoka nayo kwenda kwao.

Bibi alipofika hapo aliweka ungo chini, mchele ukiwa mweupe, umekwisha kupetwa. Akawaambia wajukuu wake kwamba wakimwona mtu amefiwa na jicho lake ni kavu, wasimhukumu kwamba hana uchungu, wala wasimsifu kwamba ni jasiri. Wakae naye tu karibu mpaka aweze. Kwani mtungi usiotoka jasho haupozi maji.