Mbunge Aliyekataa Kuugua

Mfikirieni, wapendwa, mama mmoja mbunge katika nchi ya mbali, nchi tajiri yenye baridi kali. Jimbo lake lilikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe, wenye mtambo wa umeme uliochoma makaa hayo. Baba yake alishuka mgodini miaka thelathini, akatoka na kifua kilichomkohoza mpaka siku alipozikwa. Makaa hayo ndiyo yaliyomsomesha mama huyu, na waliompeleka bungeni mara tatu ni wachimbaji waliofanya kazi na baba yake.

Sasa ukaja bungeni muswada wa kufunga mitambo yote ya umeme wa makaa ya mawe ndani ya miaka minane, kwa sababu moshi wake unaipasha dunia joto. Unaharibu mvua za watu ambao hawajawahi kuliona hata bonge moja la makaa hayo. Watu kama sisi hapa. Wabunge wakagawanyika nusu kwa nusu, ikabaki kura yake. Na uchaguzi ulikuwa miezi mitano mbele.

Msimamizi wa kampeni zake akamvuta pembeni. "Mheshimiwa, siku ya kura ugua."

"Niugue nini?"

"Chochote. Hata mafua. Ukisema ndiyo, jimbo limekwenda. Ukisema hapana, dhamiri itakusumbua, nakujua. Lakini mgonjwa nani atamlaumu?"

Mama akamtazama. Alijua kwamba yule bwana anampenda, na kwamba hesabu yake ni sahihi. Akasema, "Mimi siumwi."

Ni wangapi kati yetu tungelijibu hivyo? Ni wangapi mafua yangelitushika hapo hapo?

Jumamosi akapanda treni kwenda nyumbani. Hakutuma barua, hakumtuma mtu. Akawaita watu kwenye ukumbi wa wachimbaji, ukajaa mpaka mlangoni. Akasimama mbele yao, akasema, "Jumanne nitapiga kura ya kuufunga mtambo wetu. Nimetaka mlisikie jambo hili kinywani mwangu kabla halijafika redioni."

Wakamzomea. Mzee mmoja, aliyechimba bega kwa bega na baba yake, akainuka, wakampisha aseme.

"Binti yangu, baba yako angekuwa hai, ungemwambia nini?"

Mama akamgeukia. "Ningemwambia haya haya, mzee. Na ningemwogopa kama ninavyokuogopa wewe sasa."

"Na sisi tule nini?"

"Nimegombana wiki sita ili kipengele kimoja kiingie kwenye muswada: hakuna atakayeachishwa kazi kabla hajafundishwa kazi nyingine. Wengine hakitawatosha. Siwezi kuwaambia kwamba haitauma."

Jumanne akapiga kura ya ndiyo. Muswada ukapita kwa kura hiyo moja. Miezi mitano baadaye watu wake wakamwangusha vibaya, hata mtaa aliozaliwa ukamkataa. Alilia, naam, ndani ya gari, mlango umefungwa. Kisha akapangusa uso, akaenda kumpongeza aliyemshinda.

Wengi walidhani atahamia jijini. Hakuhama. Fomu za mafunzo ya kazi mpya zilipotoka, asubuhi moja akasikia hodi. Alikuwa yule mzee wa ukumbini, na nyuma yake mwanawe, mtu mzima mwenye mvi.

"Mimi sikukupigia kura," mzee akasema hata kabla ya salamu.

"Najua, mzee."

"Huyu anatakiwa kujaza karatasi hizi. Maneno ya serikali yanatushinda."

Akawakaribisha jikoni, akawawekea chai, akatafuta kalamu. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa saba. Majira yote yale ya baridi meza yake ilizungukwa na watu waliomnyima kura, na hakumuuliza hata mmoja kwa nini.

Naona mnatikisa vichwa. Mmempenda. Mnasema moyoni, laiti tungempata kiongozi kama yule!

Ngojeni kwanza. Nani alimwangusha? Ni watu wa kawaida, waimba kwaya, watu wanaowazika wafu wao kwa heshima. Waliupenda ukweli mpaka ulipoingia jikoni mwao. Na sisi je? Mwezi uliopita diwani wetu alisimama sokoni akatuomba tuache kuchoma mkaa kule kwenye chanzo cha maji. Tulimfanyaje? Tulimzomea mpaka akashuka jukwaani. Mimi mchungaji wenu nilikuwepo, nikatazama chini, maana nyumbani nina magunia manne ya mkaa huo.

Kila Jumapili tunamwomba Mungu atupe viongozi wasiotudanganya. Leo tumwombe atufanye watu wanaoweza kuambiwa ukweli. Diwani amekaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, kama mnavyomwona. Nikishuka hapa, ndiko ninakokwenda kukaa. Nani anakuja nami?