Mchwa Hakuomba Ijaza

Wewe unayebetua midomo hapo pembeni ya mkeka, ibetue kabisa uimalize, kisha tuanze. Utasema mchwa hawezi kula kitabu kilichoviringwa nguo saba. Umemfuga wewe mchwa? Utasema mshona kofia hawezi kupanga kurasa za Kiarabu kwa kutazama matundu. Umeshona nini wewe, hata kiraka? Utasema muuza kahawa hawezi kuweka uradi mzima kichwani bila kuketishwa madrasa. Wewe uliketishwa madrasa miaka mitano, na Alhamdu yako mpaka leo inachechemea. Basi nyamaza. Sikio halikuumbwa la kutundikia hereni tu. Mwisho utaulizwa, na asitokee mtu kusema hakusikia.

Katika mji wa Kisimajuu alizikwa walii mmoja, Shee Masudi. Alipokuwa hai alizikusanya dua alizokuwa akimwomba nazo Mola wake, akaziandika kwa mkono wake katika kitabu kimoja, akakiita Uradi wa Siku Saba. Kila siku ya juma ina fungu lake. Jumatatu ni dua ya wagonjwa, Jumanne ya wasafiri, Jumatano ya wazazi waliotangulia, na hivyo hivyo kila siku mpaka saba zitimie, na Ijumaa ndiyo siku ya kumsalia Mtume. Alipofariki alijengewa kubba juu ya kaburi lake, na kitabu kikabaki hicho kimoja, hakina ndugu.

Mjini humo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Bi Mize alijaliwa shingo. Akisema hapiti hapa, hapiti, hata aletewe polisi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kazi yake kwa miaka thelathini ilikuwa kufagia kubba la Shee na kufukiza udi kila Alhamisi.

Mwanakheri alijaliwa macho. Alishona kofia za mkono, zile za matundu elfu, moja miezi minne. Ukipita njia ya pili na kofia kichwani, yeye barazani kwake atakuambia ilishonwa na nani, na kwamba mshonaji alikuwa na homa alipofika upande wa kushoto.

Mzee Feruzi alijaliwa sikio. Alijua kikombe kimejaa kwa mlio wake, bila kukitazama. Ujanani aliwamiminia kahawa Shee Masudi na wanafunzi wake kila alfajiri, miaka kumi na mmoja, wao wakisoma uradi, yeye akizunguka na birika.

Na Khalifa Aboudi, mwangalizi wa kubba? Yeye alijaliwa baba. Baba yake alikuwa khalifa, naye akawa khalifa.

Sasa sikiliza ujinga wa watu wazima. Shee alipokufa, kwa heshima walikichukua kitabu chake, wakakiviringa nguo saba za kijani, wakakitia sandukuni, wakapiga kufuli. Kila mwaka siku ya hauli, ile siku ya kumkumbuka, kifurushi hutolewa, watu wakapanga foleni wakaibusu nguo, wakalia, wakala pilau, kikarudishwa. Hakuna aliyekifungua. Fungu la Ijumaa walilijua kwa moyo, maana ndilo lililosomwa msikitini. Mafungu sita yaliyobaki ukiuliza yako wapi, utajibiwa, "Yamo sandukuni, yamehifadhiwa." Miaka thelathini na minane watu walibusu kitambaa.

Siku moja Bi Mize anafagia, akaona uzi wa udongo umepanda mguu wa sanduku. Akaufagia. Wiki ya pili umerudi. Akaenda kwa Khalifa.

"Aboudi mwanangu, sanduku la Shee limeingia mchwa."

"Bi Mize, mchwa hali maneno ya walii."

"Maneno hali. Karatasi anakula."

"Imani yako ndogo, mama."

"Imani yangu haijambo. Fungua tutazame."

"Baba aliacha amana: lisifunguliwe."

Alimwendea mara tatu, na mara tatu alirudishwa na amana ya baba. Mara ya nne hakwenda kwake. Alikuwa ameona kwenye kizoleo cha taka, katikati ya udongo wa mchwa, kipande cha karatasi kama ukucha wa kidole kidogo, na juu yake alama ya wino mwekundu. Shee alikuwa akiandika majina ya siku kwa wino mwekundu. Bi Mize alikiweka kiganjani, akakitazama kwa muda, kisha akaenda nyumbani akaleta mchi.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, mlango wazi, watu wanapita. Alilipiga kufuli kwa mchi mara nne, likavunjika. Nguo ya kwanza ilikuwa nzima, na ya pili nzima. Ya tatu ilimmomonyokea mikononi. Akafika kwenye kitabu, akaona majani yametoka kwenye mshono, yametobolewa, yamechanganyika na udongo kama mchele na pumba. Mchwa wenyewe walikuwa wangali mezani. Angechelewa mwezi mmoja, Kisimajuu wangekuwa wanabusu kichuguu.

Khalifa alimfukuza kazi kabla ya magharibi. Sanduku akaliviringia kamba mpya bila kuchungulia ndani, maana macho yake, alisema, hayastahili. Hakujua kuwa kitabu kilishaondoka, kimefunikwa kwenye ungo.

Huo ungo Bi Mize aliutua kwa Mwanakheri.

"Umeniletea nini, dada? Dagaa?"

"Shee Masudi."

Mwanakheri aliinua kitambaa. Alikuwa amehitimu Kurani, herufi alizijua. Maana ya Kiarabu hakuijua. Neno la chini ya ukurasa, lile la kuonyesha ukurasa ujao, ndilo lililoliwa mwanzo. Nani angejua jani lipi lafuata lipi? Akachukua majani mawili, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akayatazama kama atazamavyo kofia.

"Mchwa hapekui kurasa kama mwanachuoni," alisema. "Huingia juu akatokea chini. Tundu la hili likilala juu ya tundu la lile, basi hayo yalikuwa jirani."

Alikaa dirishani miezi minne, tundu kwa tundu. Akiona ukingo umeoza, aliukata kwa mkasi. Jani lililolegea alilibandika kwenye karatasi mpya, kwa gundi ya muhogo iliyotiwa maji ya mwarobaini ili mchwa asikaribie tena. Mwisho wa miezi minne majani yote yalisimama kwa mpango wake. Ila sasa nyuzi za karibu hazioni. Sindano ukimpa leo, anakuuliza tundu lake liko upande gani.

Kitabu kikawa na mpango, lakini kina mapengo. Mstari unaanza vizuri, unafika katikati, shimo. Wakaenda kumwita Mzee Feruzi.

"Mimi sijasoma, wajomba zangu," alisema, ingawa mbele yake walikuwa wanawake wawili. "Nilisikia tu."

"Basi tusikilizishe," akasema Bi Mize.

Akaketi, akafumba macho, akafungua mdomo. Halikutoka neno. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Bi Mize akamtazama mikono, jinsi ilivyokaa magotini haina kazi, akainuka, akaenda jikoni akamletea birika na vikombe viwili. Feruzi alipogonganisha vikombe tu, ulimi ukafunguka. Akawa anammiminia mtu asiyekuwapo, na dua zinashuka kama zilivyoshuka alfajiri zile, moja nyuma ya nyingine, sauti yenyewe ya Shee, hata kikohozi chake. Yeye hakujua Jumatatu inaishia wapi na Jumanne inaanzia wapi; kwake ulikuwa uradi mmoja mrefu. Lakini majani yalijua. Mwanakheri akayafuata kwa kidole, kila penye shimo Feruzi akalijaza, naye akalichora kwa penseli kama achoravyo kofia kabla ya kushona. Pengo moja tu lilibaki, katika dua ya wazazi.

"Hapo nilikwenda kuchochea makaa," alisema Feruzi, akainamisha kichwa.

Mwanakheri hakubuni. Alichora ua dogo mahali hapo, wakaendelea.

Siku tatu kabla ya hauli walikiviringa nguo zilizobaki, wakakirudisha sandukuni kwa siri, kamba ya Khalifa imeshaliwa na mchwa. Siku yenyewe Khalifa akaona kamba imeliwa na nguo zimepungua, akafungua mbele ya watu, akakuta kitabu kizima, majani yamenyooka. Akaangua kilio. "Karama! Shee amekiponya kitabu chake!" Watu wakaanguka kifudifudi.

Bi Mize alikuwa mlangoni pamoja na wanawake. "Karama ina gundi ya muhogo, Aboudi?" alisema. "Nusa."

Khalifa akanusa.

Ndipo wakaitwa wote watatu ndani ya zawiya, chumba cha kusomea uradi pale pale kubbani, mbele ya wazee. Katikati alikaa mgeni aliyekuja kwa hauli, Sharifu Zubeiri, mtu wa elimu. Akasoma kitabu chote kimya, alipofika kwenye ua akatabasamu. Kisha akasema:

"Uradi husomwa kwa ijaza, ruhusa ya mkono kwa mkono, kutoka kwa Shee mpaka kwetu. Aboudi, wewe na baba yako mlipokea Ijumaa tu. Mafungu haya sita hayakupitia mikononi mwenu. Mnyororo umekatika kwa Shee, na pete mpya ni yule aliyeyafikisha. Muandikeni jina. Jina moja. Mnyororo ni pete baada ya pete, si wavu."

Sasa jina hilo si jambo dogo. Aliyeandikwa kwenye mnyororo husomewa Fatiha kila hauli, yeye na baba yake, mpaka dunia ikunjwe.

Khalifa akadakia. "Tumuandike nani hapa, Sharifu? Mmoja alivunja kufuli la amana. Mmoja alitia mkasi kwenye mwandiko wa walii. Mmoja aliiba uradi kwa sikio, bila ijaza ya mtu."

"Na mchwa?" akauliza Bi Mize. "Yeye mlimpa ijaza?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke.

"Sharifu," akasema Bi Mize, "wengine watakuambia hawataki sifa. Mimi nalitaka jina. Sina mtoto, na nikifa nani atanisomea Fatiha, paka? Watu mia walipita mbele ya lile sanduku. Nilivunja mimi. Bila mchi wangu hawa wawili wangeokoa nini, kichuguu?"

"Nami nalitaka," akasema Mwanakheri. "Dada aliniletea taka kwenye ungo, nikampa kitabu. Macho yangu yamo mle. Ukitaka kuyatafuta, fungua dua ya wagonjwa."

Feruzi alikuwa amesimama, kuketi mbele ya wazee hajazoea. "Baba yangu alinunuliwa sokoni," alisema polepole. "Mji huu wananiita Feruzi wa kahawa. Baba yangu aliitwa Baraka, na hakuna mtu hapa aliyewahi kulitaja jina lake. Nikiandikwa, litasomwa. Majani na matundu bila ya maneno, bwana, mngesoma matundu."

Khalifa akalamba midomo, akaleta suluhu yake. "Basi tuandike 'waja wa Mungu' tu. Ikhlasi haitaki majina."

"Mbona baba yako hakuandikwa mja wa Mungu tu?" akasema Bi Mize. "Kwake ikhlasi ilikuwa safarini? Mtu aliyefunga kitabu kikaliwa jina lake liko kwenye mnyororo pale juu ukutani, kwa wino wa dhahabu. Tuliokiokoa ndio tufunzwe unyenyekevu."

Sharifu Zubeiri akachovya kalamu, akaishika juu ya karatasi. Hakuandika. Akawatazama wazee; wazee wakatazama mkeka.

Basi wewe uliyebetua midomo, kalamu hiyo hapo, na wino unakauka. Wa shingo aliyevunja, na kama si yeye pasingekuwa na cha kupangwa. Wa macho aliyekata na kupanga, na kama si yeye pangekuwa na pumba. Wa sikio aliyeiba, na kama si wizi wake dua zingekuwa mashimo. Kila mmoja amekosa, na kosa lake ndilo lililokiokoa kitabu. Jina ni moja. Utaliandika la nani? Na usijifiche nyuma ya "waja wa Mungu"; hiyo imeshasemwa na Aboudi.

Bi Mize aliwangoja wazee kwa muda wa kusoma Alhamdu mbili. Akatoa kwenye upindo wa kanga lile kufuli lililovunjika, akaliweka kwenye mkeka mbele ya Khalifa, akachukua ufagio wake uliokuwa umeachwa pembeni tangu siku aliyofukuzwa. Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, ukajifunga.